Foleni ya Marehemu

Nicanora Yucra alikuwa akikanda unga, mikono imejaa unga hadi viwikoni, na jirani yake Mama Celsa akilisha tanuri vijiti vya kichaka cha tola, ambavyo huwaka vibichi. Walikuwa wakioka mkate wa umbo la ngazi. Mkate huo huwekwa mezani Siku ya Watakatifu Wote, ili marehemu apate pa kushukia. Nicanora aliifanya ngazi ya mwaka huo ndefu kuliko zilizotangulia, kwa kuwa ulikuwa mwaka wa tatu. Marehemu huandaliwa meza miaka mitatu. Mwaka wa tatu huagwa kwa muziki, na baada ya hapo haitwi tena.

Mumewe, Wenceslao, hakuja mwaka wa kwanza, wala wa pili. Meza ilikaa tangu adhuhuri hadi adhuhuri ya pili yake, supu ikaganda mafuta, walio hai wakaja kusali, wakagawana chakula, wakaenda zao.

"Labda amepata mwingine huko," alisema Celsa. "Huko wako wengi, na wote hawana waume."

"Wenceslao? Mimi mwenyewe alichukua miaka minne kunisemesha."

"Basi bado anajikohoza. Mngoje mwaka wa kumi."

Nicanora alicheka kidogo. Moyoni alidhani mumewe ana kinyongo. Siku ya nane baada ya mazishi walizifua nguo zake mtoni kisha wakazichoma zote, kama ilivyo desturi, ili asafiri bila mzigo. Alikuwa akijiuliza ni ipi kati ya zile ambayo hakutaka ichomwe.

Makaburi ya kijiji yako ng'ambo ya uwanda wa chumvi, kwenye rasi ya mawe yenye madungusi marefu ya miiba. Tangu uwanda upewe kampuni ya madini ya betri, uzio umepita katikati. Mwanakijiji anayetaka kuvuka huomba kibali ofisini. Ofisi hufungwa sikukuu, na makaburi hutembelewa sikukuu. Wageni wanaosafiri kwa miguu na mashanta mgongoni hawahitaji kibali, maana kampuni ilikubaliana hivyo na watu wa utalii.

Alasiri ile alichukua mkate wa moto akampelekea mlinzi wa lango, Edil, kijana ambaye yeye na Wenceslao walimsimamia ubatizo.

"Mwanangu, kesho kutwa nipitishe. Nusu siku tu."

"Ofisi imefungwa, mama wa ubatizo."

"Nataka nikamwulize baba yako wa ubatizo ana kinyongo gani. Miaka miwili haji."

Edil akamega mkate. "Mbona alikuja?"

"Alikuja wapi?"

"Hapa. Mwaka jana, na mwaka juzi. Walikuja wengi. Walipanga foleni vizuri tu, hawakusukumana. Nikawaomba vibali, hawakuwa navyo. Baba akasema chake kilikuwa mfukoni mwa koti la kazi, na koti mmelichoma."

Nicanora aliugeukia uwanda wa chumvi. Upepo ulikuwa ukiizoa na kuirudisha palepale.

"Na wewe ukamrudisha."

"Nilimpa chai kwanza. Mama, nina watoto. Ile pale ni kamera."

"Marehemu huonekana kwenye kamera?"

"Hawaonekani. Lakini lango likifunguka linaonekana."

Hakumlaumu. Alimwachia mkate wote akarudi nyumbani, na njia nzima alifikiria mfuko wa koti.

Nyumbani kwake hulala wasafiri, katika vyumba viwili vya matofali ya chumvi. Siku ile alikuwapo mmoja, Jitka, mwanamke mrefu kutoka nchi ya Wacheki, pua imechunika kwa jua. Alikuwa ametembea kutoka kwenye milima ya moto, akapita maziwa mekundu na ya kijani, na ngozi ya visigino vyake ilibaki huko. Asubuhi angevuka uwanda hadi kwenye rasi, alale huko, kisha arudi. Nicanora alimkuta akikaza kamba za shanta lake.

"Binti, ukifika makaburini tafuta msalaba wa buluu. Weka shanta lako chini pale, mdomo wazi, wakati unakula."

"Mtu ataweka kitu?" Jitka aliuliza kwa Kihispania cha kuokoteza.

"Mume wangu ataingia."

Jitka alifikiri. Mtu aliyebeba nyumba yake mgongoni kwa wiki kadhaa kwenye hewa nyepesi hafikirii kingine kabla ya uzito.

"Mzito?"

"Alikuwa mwembamba. Sasa sijui."

"Basi mimi naacha hema," akasema, akaanza kufungua kamba alizokwisha kuzikaza.

Siku ya Watakatifu Wote, adhuhuri, meza ilikuwa tayari: ngazi, mikate yenye nyuso za watoto, viazi, nyama ya lama, majani ya koka, pombe ya mahindi. Wachache waliozikwa upande wa kijiji, kwenye ua wa kanisa, walifika kwa wakati kwenye nyumba zao. Baba yake Celsa alifika, akaomba sigara, akalalamika kuwa pombe ya mwaka huo ni maji. Kwa Nicanora hakuja mtu. Aliongeza mafuta kwenye taa, akakaa.

Asubuhi ya pili yake, siku ya kuaga, nukta ilionekana juu ya chumvi. Ilitembea kidogo, ikakaa, ikatembea tena. Ilipofika langoni ikawa Jitka, amepinda kama mzee. Edil alitaka kumsaidia kuliweka sawa shanta mabegani, akashindwa kuliinua. Ndani yake alisikia kikohozi, kile kikavu cha watu waliovuta vumbi la chumvi, akakitambua. Aligeuka akasoma ubao ulioning'inia langoni, ingawa aliujua kwa moyo. Uliandikwa kwamba mizigo ya wageni haipekuliwi. Akafungua lango.

Jitka aliingia uani kivuli chake kikiwa karibu kumalizika chini ya miguu. Akaliweka shanta chini, akakaa juu ya udongo. Wa kwanza kutoka alikuwa Wenceslao, akapanguza kofia yake kwa kiwiko. Akafuata dada wa Celsa na mtoto aliyekufa naye siku moja, kisha mzee aliyekuwa akifundisha kwaya, kisha wengine ambao Nicanora alilazimika kuwatazama vizuri ndipo awakumbuke.

"Nilifungua, nikala," Jitka alieleza. "Hawakuacha kuingia. Sikujua namna ya adabu ya kusema imejaa."

Wenceslao alikaa mezani akaanza kumenya kiazi kwa ukucha wa dole gumba, polepole, kama alivyofanya siku zote.

"Miaka miwili nimekungoja," alisema Nicanora.

"Nilikuwa langoni."

"Ungezunguka tu. Ungepita pembeni."

"Uzio ule niliujenga mimi. Nakuambia hauna pembeni."

Alikula kiazi, akaanza kingine. Nicanora alikuwa na mengine ya kusema, aliyoyapanga kwa miaka mitatu, lakini alimwona ana njaa. Akamsogezea chumvi. Kengele ya kanisa ikalia akiwa kwenye kiazi cha tatu.

Wanakijiji waliwasindikiza marehemu kwa filimbi na ngoma hadi mwisho wa kijiji. Hapo Nicanora alivua shali jeusi la ujane, na Celsa akamvika jingine la rangi, na huko ndiko kulikuwa kuaga. Marehemu wakashika njia ya lango, mwalimu wa kwaya mbele.

Edil aliwaomba waonyeshe mihuri ya kuingilia.

"Ulituona tukiingia," alisema Wenceslao.

"Niliona shanta, baba. Mashine ya lango haimtoi mtu ambaye haikumwingiza. Inataka jina."

"Sawa," alisema Wenceslao, aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni na aliyejua taratibu.

Hawakuweza kurudi majumbani. Marehemu aliyekwisha kuagwa haingizwi ndani tena. Akiingia, hutoka na mtu. Basi walikaa chini kando ya uzio, upande wa kijiji, wakautazama upande wa pili.

Kesho yake Jitka alipata lori la kwenda mpakani. Jumatatu ofisi ilipofunguliwa, Nicanora na Celsa walikuwa mlangoni. Karani alikuwa mtu mpole, aliwapa viti. Alisema mwombaji lazima afike mwenyewe, siku ya kazi, na kitambulisho ambacho hakijaisha muda. Wakawaleta marehemu. Walifika wenyewe, siku ya kazi, wakavua kofia. Karani aliwatazama mmoja mmoja, akasikitika kwa dhati kuhusu vitambulisho.

Nicanora alianza kuwaza juu ya wasafiri wengine wa miguu, wale wanaoelekea kwenye rasi. Lakini wiki hiyo kampuni ilifunga mizani langoni. Shanta la mgeni likizidi uzito uliowekwa halivuki. Ni kwa ajili ya afya za watembeaji, Edil alisema, kwa sababu mwanamke mmoja wa Kicheki alikuwa ameumia mgongo.

Mvua zilipokuja uwanda ulijaa maji, ukawa kioo. Wageni walikuja kupiga picha za mbingu chini ya miguu yao. Wengine waliwapungia mkono watu wenye kofia kando ya uzio, nao waliwapungia pia. Katika picha uzio ulitoka mtupu.

Kila asubuhi Nicanora hupeleka supu, amejifunga shali la rangi, kwa kuwa jeusi haliruhusiwi tena. Mara moja alimwuliza Wenceslao kama anasikia baridi. Alisema si sana, miguu tu.

Mwezi wa pili kampuni ilileta benchi la chuma, jina la kampuni limeandikwa mgongoni mwa benchi, ikaja na mtu wa kulipiga picha. Linatosha watu wanne. Wenceslao husimama, ili wazee wakae.