Kigiriki cha Mama Julia

Mwaka 1951 Edmund aliondoka Newala kwenda chuo kikuu Uingereza. Kanisa lilimpeleka asome Kigiriki, Kilatini na elimu ya dini, ili akirudi afundishe vijana wanaosomea upadri. Mkewe Ethel, mwalimu wa shule ya wasichana ya misheni, alimsindikiza mpaka Masasi, akamwona akipanda lori la Lindi, kisha akarudi nyumbani na binti yao Julia mgongoni.

Mwanzoni barua zilikuja kila mwezi. Edmund aliandika habari za baridi, za viazi vya kila siku, za walimu wasioweza kutamka jina la baba yake. Masomo aliyagusa juu juu tu. Ethel alitaka kujua zaidi, maana aliona mumewe anazidi kwenda mbali kila barua. Basi akafungua sanduku la vitabu ambalo Edmund aliliacha, akatoa kitabu cha sarufi ya Kigiriki ambacho mumewe alianzia kujifunza, akafunua ukurasa wa kwanza.

Alisoma alasiri, baada ya shule, Julia akiwa amelala. Herufi peke yake zilimchukua mwezi mzima. Kisha akagundua jambo lililomfurahisha mno: Kiswahili na Kiyao hubadilisha neno kichwani, Kigiriki hulibadilisha mkiani. Alitoka nje amwambie mtu. Jirani yake Bibiana ndiyo kwanza anapanda kutoka bondeni na debe la maji kichwani, miguu imejaa vumbi, kaondoka tangu alfajiri. Ethel alimsaidia kulitua debe, akamuuliza habari za watoto, akarudi ndani.

Shuleni alijaribu kulisimulia mara moja.

"Kigiriki cha nini, Mama Julia?" wenzake walimuuliza. "Unataka kuwa padri?"

Walicheka, naye akacheka nao. Hakulitaja tena.

Mwaka wa pili alitunga sentensi yake mwenyewe, akaiandika chini ya barua kwa Kigiriki: mtoto wetu anatembea, nami nakungoja. Jibu lilichukua wiki saba kufika. Edmund aliuliza juu ya mihogo na paa la jikoni. Sentensi hakuitaja. Ethel alidhani amekosea vibaya, na mumewe kamwonea huruma asimsahihishe. Akarudia sura nzima ya vitenzi.

Edmund alirudi mwaka 1954, amekonda, na koti zito mkononi. Waumini walimlaki kwa nyimbo na vigelegele. Padri Basil, mkuu wa misheni, alisema apumzike wiki mbili, kisha aanze kufundisha.

Jumatatu alasiri Ethel alimwekea chai, akamfungulia mbele yake kitabu cha Kigiriki.

"Baba Julia, hapa pananishinda. Hiki kitenzi kimetoka wapi?"

Edmund alifuata mstari kwa kidole. Kidole kilisimama, kikarudi mwanzo.

"Nimechoka, mama. Labda kesho."

"Neno moja tu."

Alikifunga kitabu taratibu. "Sijui, Ethel."

Tangu Julia azaliwe hakuwahi kumwita kwa jina lake. Ethel akaketi.

"Kilinishinda tangu mwanzo," Edmund alisema. "Mwaka wa pili nilifeli, wakaniruhusu kurudia. Mwaka wa mwisho nikaacha kuingia darasani. Mtihani sikuufanya. Barua ya chuo itamfikia Padri siku yoyote."

"Na sentensi yangu?"

"Niliikazia macho siku nyingi. Nilitambua neno 'mtoto' tu." "Kile chumba changu kule, Ethel... Wiki inakwisha sijasikia mtu akiniita. Ningekuandikia nini?"

Miaka mitatu Ethel alikuwa amejifunza lugha ili azungumze na mtu huyu, na mtu huyu hakuwa nayo. Hasira ilimjia, akamtazama mabega yaliyokonda, ikamtoka.

"Twende kwa Padri sasa hivi," alisema. "Akusikie wewe kabla ya barua."

Walikwenda. Ethel alisubiri barazani mpaka Edmund alipotoka, macho mekundu. Padri hakumfukuza. Alimpa kazi ya ualimu katika shule ya kijiji huko Nanganga, na nyumba yenye chumba kimoja. Ethel na Julia wangebaki Newala; yeye angerudi kuwaona mwisho wa mwezi, lori likipatikana.

Wiki iliyofuata Ethel alikwenda mwenyewe.

"Shikamoo, Padri. Wale vijana hawana mwalimu wa Kigiriki. Mimi naweza kuwaanzisha."

Padri Basil alimpa ukurasa, akamsikiliza akisoma na kufasiri bila kusita.

"Unajua, Mama Julia. Unajua kweli. Lakini vijana wa upadri wafundishwe na mwanamke? Askofu hatakubali." Akamwazima kamusi, akamsindikiza mpaka mlangoni.

Mwezi huo Ethel alimwandikia mumewe. Alimweleza kwamba ukungu umekaa siku tatu, kwamba mikorosho imeanza kutoa maua, kwamba Julia anamuulizia. Alishika kalamu muda mrefu, akitaka kumwambia kwamba kile kitenzi ameshakipata. Aliona habari hiyo itamuumiza. Akaweka salamu za Bibiana, akatia sahihi, akaifunga barua.