Sauti ya Kumpelekea Nada

Khelef alikuwa mtu wa kufungua vitu. Pasi ikikataa kupata moto aliifungua, saa ikisimama aliifungua, na nyingi zilirudi kwa wenyewe zikiwa na skrubu pungufu, ambazo yeye alizitia mfukoni kimya kimya. Kwa hiyo aliponunua ikwalaiza kuukuu pale Darajani, kile chombo cha kunenepesha na kukondesha sauti ya muziki, hakuita fundi. Mafundi, kwa maoni yake, wameumbwa kwa ajili ya watu wavivu.

Lakini hakuinunua kwa ajili ya muziki. Shida ilikuwa koo lake. Sauti yake, ambayo mtaa mzima wa Kiponda ulizoea kuisikia kwenye maulidi, ilianza kukwaruza tangu mfungo, kisha ikakonda, sasa ilikuwa ikitoka kwa kuvutwa. Daktari alimtaka aende Dar es Salaam akapimwe. Khelef aliitikia vizuri sana, akarudi nyumbani, na hakumwambia mtu.

Mtu mwenyewe wa kuambiwa alikuwa mmoja tu, Nada, mwanawe wa pekee, aliyekuwa Maskati akisomea uuguzi na mtihani wa mwisho uko mlangoni. Miaka ile watu hawakuandikiana sana. Waliketi mbele ya mashine wakazungumza, kanda ikabebwa na msafiri yeyote aliyekuwa akipanda ndege. Kwenye kanda yake ya mwisho Nada alilalamika kwamba baba yake amekuwa kimya, akasema asipopata sauti yake safari hii, atakuja mwenyewe kumtazama. Khelef alimjua binti yake. Asipoisikia atakuja, na akiisikia ilivyo, atakuja mbio zaidi, na mtihani utakwenda na maji.

Radhiya, binti wa jirani aliyeolewa Mpendae, alikuwa anasafiri kwenda Maskati jioni ile. Khelef alikuwa na asubuhi moja ya kujitengenezea sauti.

Alizichomoa nyaya za deki, ile mashine yake ya kanda, kwenye amplifaya, akaichomeka ikwalaiza mahali pake, kisha deki akaiunga nyuma ya ikwalaiza. Akawasha. Kimya. Akachomoa zote, akachomeka upya, akaenda dirishani, akarudi, akazitazama kama zinamfanyia makusudi. Mwishowe akabonyeza kitufe cha amplifaya kilichohusu kanda, ambacho tangu ainunue hakuwahi kukigusa, na sauti ikatoka. Ikatoka pamoja na mngurumo. Akajikunja chini ya meza, magoti yakilia, mpaka akaona kuwa waya wa sauti umelala juu ya waya wa umeme. Alipoutenga, mngurumo ukakata, na spika ya kushoto nayo ikakata. Alitukana kidogo, akaomba msamaha kwa Mola, akausukuma ule mchomeko uliokuwa umeingia nusu.

Ndipo akachomeka maikrofoni kwenye deki, akarikodi salamu zake. Akairudisha kanda mwanzo na kuipiga, huku akipandisha vile vitufe vya besi kidogo kidogo na kushusha vile vinavyotoa mkwaruzo. Sauti ikanenepa. Ikawa na kifua. Khelef wa zamani alitoka kwenye spika mbili akimwambia binti yake kwamba baba yu mzima, hana hata mafua. Machozi yalimtoka kwa furaha, na haraka ikamshika. Akaitia kanda mfukoni, akapanda Vespa yake kwenda Mpendae.

Radhiya alimwamkia, akaipokea kanda, na kabla ya kuitia mkobani akaiweka kwenye redio yake ndogo. Hakuwa na ubaya. Wabebaji wote walifanya hivyo, maana huko uwanja wa ndege uliulizwa umebeba nini, na aibu kusema hujui.

Ikatoka sauti ya mzee mgonjwa, nyembamba, inayopumzika katikati ya maneno ikisema haina hata mafua.

Khelef akasema redio mbovu. Radhiya, bila kubishana, akapiga kanda yake ya taarabu, na fidla zikatoka safi kabisa. Khelef alisimama pale, akiziona nyaya zake zote kichwani. Maikrofoni aliichomeka kwenye deki. Ikwalaiza ilikuja baada ya deki. Kumbe asubuhi nzima alikuwa anaipamba sauti ikishatoka kwenye kanda, na ndani ya kanda iliingia vilevile alivyoisema. Mapambo yote yamebaki Kiponda.

"Ami Khelef," Radhiya alisema, "wewe unaumwa."

Alitaka kukana, lakini angekana kwa sauti gani? Akasema atarudi nyumbani mara moja, kuna namna nyingine ya kuunga nyaya, kazi ndogo tu. Radhiya akamwambia gari ya uwanjani i njiani. Kisha akasema polepole kwamba Nada akimuuliza kwa mdomo hatoweza kumdanganya, kwa hiyo bora amsikie baba yake kuliko kumsikia yeye.

Akaitia tena kanda ya Khelef, akairudisha mwanzo, akamsogezea redio, akamwonyesha kitufe cha kurikodi, akaenda ndani kufunga begi.

Khelef alibaki na kile kiredio cha plastiki, kisicho na kitu cha kupandisha wala kushusha. Aliona hasira, akaona haya, kisha akaona yuko peke yake sana. Akabonyeza.

"Nada, mwanangu. Hii unayoisikia ndiyo sauti yangu ya sasa. Redio yako haina kitu." Akamweleza habari ya koo, na daktari, na Dar es Salaam. "Fanya mtihani wako kwanza. Nakusihi."

Alikuwa amekusudia kumwambia asije, na neno hilo alilibeba tangu asubuhi. Kanda ilizidi kuzunguka.

"Ukishamaliza, njoo. Nnaogopa kwenda peke yangu."