Timu ya Saba

Jirani wa ghorofa ya tatu, anayeitwa Mama Paka kwa ajili ya paka wake watano, alidai amemwona mume wa mtu akishuka ngazi kinyumenyume. Si mara moja, alisema, ni mara tatu, asubuhi kweupe, ameng'ang'ania ukingo wa ngazi kwa mikono miwili kama anayeteremka kisimani. Kupanda alipanda mbio kama swala. Kushuka, kisogo mbele.

"Mwanangu, mimi si mmbea," alisema Mama Paka, "lakini huyo mumeo ama ana nadhiri ama ana wazimu. Hata paka wangu walisimama kumshangaa."

"Ni mazoezi, mama."

"Mazoezi ya kwenda wapi? Ya kurudi alikotoka?"

Mke alicheka ili kumridhisha, akabeba kikapu chake cha nguo, akaingia ndani. Alipofunga mlango kicheko kilimkauka. Miaka tisa alikuwa mke wa beki wa kushoto, na jambo moja alilijua bila kufundishwa na daktari yeyote: goti bovu humvumilia mtu akipanda, humsema akishuka.

Mume alikuwa chumbani, hakaliki. Alifungua begi la safari ya kwenda timu mpya, akalifunga. Alikwenda dirishani, akarudi. Wachezaji wenzake walimpachika jina la Begi, kwa sababu katika miji sita ya nchi nne za ugenini hakuwahi kutundika shati kabatini. Leo mkataba wa mwaka, kesho wa miezi sita; kocha mpya akija na beki wake, wao wanakusanya vyombo. Mke alikuwa akijifunza kusalimia na kuomba chumvi kwa lugha ya watu, na kabla hajafika mbali wamekwisha hama.

Mji huu ndio wa kwanza alikotundika pazia alilolishona kwa mkono wake. Alikuwa na kazi ya kupiga pasi mashuka ya hoteli, na msimamizi alikuwa amemkabidhi ufunguo wa stoo. Binti yao wa miaka saba alikuwa amepata rafiki wa kugombana naye na kupatana naye, jambo ambalo hakuwahi kuwa na muda nalo.

"Goti umelificha tangu lini?" mke aliuliza.

"Goti gani?"

"Kwani unayo mangapi? Mama Paka amekuona kwenye ngazi."

"Yule mama ana macho kumshinda mshika kibendera." Mume aliketi, akainuka tena. "Linauma kidogo tu. Likishapata moto linatulia. Vipimo vya timu mpya ni kesho kutwa. Nalipasha, naingia, nachuchumaa mara kumi, naruka kwa mguu mmoja, basi. Hakuna daktari wa timu aliyewahi kuniambia nishuke ngazi."

"Na ligi ikianza?"

"Ikianza imeanza. Misimu miwili wananipa, mke wangu, miwili! Nina miaka thelathini na mitatu. Nani mwingine ataniita?"

"Hapa nikiamka nina pa kwenda," alisema mke polepole. "Mtoto pia."

"Na mimi je? Nije tukunje mashuka wote?"

"Mashuka hayamuulizi mtu umri."

Mume alifungua mdomo kumjibu, simu ikaita. Ilikuwa simu ya mke.

Wote wawili walijua ni nani. Wakala, yule anayemtafutia mume timu, alikuwa na sharti lake: hampeleki mchezaji kwenye vipimo kabla hajaongea na mkewe. Zamani alimpeleka mshambuliaji aliyeficha ufa kwenye kifundo cha mguu. Akarudishwa siku ileile, na timu ile ikamfungia wakala mlango. Tangu hapo alisema mchezaji atamficha, daktari atapitiwa, lakini mwenye kulala naye chumba kimoja hapitiwi. Mara sita alikuwa amemuuliza mke huyu, na mara sita alijibiwa "mzima", na kweli alikuwa mzima.

Mke alipokea, akaiweka simu mezani ili sauti isikike kwa wote.

"Shemeji! Hamjambo huko?"

"Hatujambo, shemeji."

"Sitakuweka. Mwenye timu yuko kwenye simu nyingine, ananingoja. Nimekwisha mwambia, beki huyu ni chuma, lakini mwenye chuma ndiye anayejua kutu. Haya, nipe lile neno letu nimpelekee."

Mume aliacha kutembea, mara ya kwanza tangu asubuhi. Hakumkonyeza wala hakutikisa kichwa. Alimtazama tu, kama mchezaji anavyomtazama mwamuzi aliyeanza kutia mkono mfukoni.

Mke aliivuta simu karibu. Akisema mzima, ni yeye atakayekuwa amempeleka akavunjikie mbele ya watu wasiomjua. Akisema mbovu, amemvua jezi kwa mdomo wake mwenyewe, na mtu huyu hana vazi jingine.

"Shemeji, unanisikia? Naomba neno lako tu. Mzima, au si mzima?"