Upande wa Kulia

Tiketi zilinunuliwa na kaka, kutoka mbali, kwa nia njema kabisa, bila kufikiri boti itapita wapi. Alipiga simu akasema mama amekaa ndani mno tangu avunjike nyonga, sasa atolewe akapunge upepo: kuna boti inayozungusha watu mji mkongwe mchana, na chakula mnakula humo humo. Mama alifurahi hata akasahau kulalamikia dawa.

"Boti ile inapita mbele ya nyumba yangu," alimwambia binti yake. "Leo nitajua kama yule jirani ananifagilia kibaraza kweli au ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa."

Binti, ambaye alikuwa fundi cherehani na ndiye aliyekuwa akikaa na mama, aliendelea kukunja kitambaa. Nyumba haikuwepo. Ukuta wa upande wa maji ulipasuka wakati mama yuko hospitali, watu wa manispaa wakasema ibomolewe kabla haijamwangukia mtu, na yeye na kaka wakakubali. Daktari alikuwa ameonya kwamba moyo wa mama usipewe mshtuko. Wakaafikiana wamwambie akipata nafuu. Nafuu ilikuja. Maneno ndiyo hayakuja.

Kila asubuhi mama alisema, "Nikipata nguvu kidogo tu, narudi kwangu." Na huku akizisubiri hizo nguvu, aliitawala nyumba ya binti yake bila huruma. Alihamisha masufuria. Alikataza vitunguu kukaa chini ya sinki. Mbele ya wateja alitangaza kwamba pindo lile limekwenda upogo. Binti hakuchukia. Aliuona ubabe ule kuwa ni wa mtu mwenye kwake.

Safari hakuweza kuizuia bila kutoa sababu, na sababu ndiyo aliyokuwa akiificha. Kwa hiyo alikwenda kuitazama boti kabla ya siku yenyewe. Iliondoka gatini, ikaufuata mkondo wa mji mkongwe, kisha ikarudi kwa nyuma ya kisiwa, njia nyingine kabisa. Maana yake, pale ilipokuwa nyumba pangepitwa mara moja tu, mkono wa kulia. Mama akikaa kushoto, na watu wakiwa wamejaa katikati, jambo lingepita salama.

Alikwenda dirisha la tiketi.

"Naomba mama yangu asiwekwe upande wa kulia," alimwambia karani.

Karani aliinua macho. "Asiwekwe upande wa kulia? Si mmelipia na chakula?"

"Tumelipia. Lakini upande wa kulia, hapana. Tafadhali sana, dada."

"Haya. Kila mtu na mambo yake."

Akarudi nyumbani amepumua.

Siku ilipofika walipokelewa gatini na mtembeza wageni wa boti, mtu mwembamba mwenye kipaza sauti shingoni, ambaye wenzake wote walimwita Kasuku. Alimshika mama mkono kumvusha ubao, akawapitisha wote wawili katikati ya meza zilizotandikwa vitambaa vyeupe, akawatoa kwa mlango wa mbele, mpaka penye viti viwili peke yake, nje, mbele kabisa ya boti. Maji yalikuwa kulia, kushoto na mbele yao.

"Haya, wageni wangu maalumu. Chakula mtaletewa hapa hapa kwenye sinia, mpakate."

"Lakini mimi niliomba tusikae upande wa kulia," binti alisema.

"Ndiyo nimewatoa. Upande wa kulia si ule wenye meza? Pale ndipo pa kulia. Hapa ni pa kupigia picha."

Binti alimtazama. "Nilikuwa na maana ya kulia. Kulia na kushoto."

Kasuku alijipiga kofi kwenye paji la uso. "Ohoo! Dada, umetumaliza. Humu ndani ukisema kulia, sisi tunasikia sahani."

"Basi tubadilishie."

"Wapi sasa? Meza zote wamechukua wastaafu wa posta. Ukimwinua mstaafu kwenye sahani yake, utalala wewe majini."

Mama alicheka mpaka akashika ubavu wake. "Mwache baba wa watu afanye kazi. Hapa pazuri, naona pande zote mbili." Alikwisha kukaa, fimbo katikati ya magoti, shingo ameinyoosha.

Boti iling'oa nanga. Binti alisema anakwenda kutafuta maji ya kunywa, akamfuata Kasuku mlangoni, akamweleza kwa maneno machache: nyumba imebomolewa, mama hajui, ilikuwa baada ya daraja la pili. Kasuku aliacha kucheka. Alijifuta midomo kwa kitambaa chake.

"Nitawageuza wote kushoto," alisema polepole. "Forodha ya zamani iko ng'ambo ya pale pale. Nitaisifu mpaka ijione."

Na kweli alijua kazi yake. Aliwaonyesha watu maghala ambayo makuli walikuwa wakipandisha magunia kwa kamba na magurudumu, na saa ya mnara iliyosimama siku nyingi, ambayo, alisema, ndiyo pekee mjini isiyomchelewesha mtu. "Sasa tazameni mkono wa kulia, mkono mnaokulia wali, si kulia machozi," alisema kwenye daraja la kwanza, na wastaafu wakamcheka kwa sauti za watu walioshiba. Sinia zililetwa: samaki, wali, mboga za majani. Mama hakugusa. Alikuwa akihesabu milango ya mkono wa kulia kwa kidole, akiwataja wenye nyumba kwa lakabu zao: Mkaanga Njugu, Mjane wa Saa, Bwana Suruali Mbili.

"Kula, mama, kitapoa."

"Nikila sasa nitapitwa."

Walipita chini ya daraja la pili. Pakawa giza kidogo, kisha jua likarudi, na sauti ya Kasuku ikapanda. "Kushoto, kushoto kwenu, wapendwa, atakayetazama kulia simsamehe! Forodha ya zamani! Tazameni zile nguzo!" Meza zote zikageuka. Simu zikainuliwa. Hata binti aligeuza kichwa, akasema, "Tazama, mama, nguzo zile."

Mama hakugeuka. Kati ya watu wote waliokuwa botini, yeye peke yake alikuwa akitazama kulia.

Palikuwa na uwazi, umezungushiwa mabati. Juu ya mabati ulionekana ukuta wa nyumba ya jirani, na katika ukuta ule nyumba ya mama ilikuwa imebakiza alama zake: mistari ya ngazi ikipanda kimshazari, misumari miwili, na juu kabisa mraba wa rangi ya kijani, ambao katikati yake kijani kilikuwa kimekoza zaidi, umbo la kabati.

Boti ilikwenda taratibu. Mama alifuata uwazi ule kwa macho, na ulipopita alizungusha shingo, mpaka mwili wake haukuweza kuzunguka zaidi.

"Kijani kile nilikichagua mimi," alisema. "Baba yenu alitaka rangi ya maziwa."

Binti aliweka sinia chini.

"Lini?" mama aliuliza.

"Ulipokuwa hospitali. Ukuta ulipasuka, mama. Walisema itaangukia watu. Hatukuwa na la kufanya."

"Hatukuwa. Wewe na nani?"

"Mimi na kaka."

Mama alitikisa kichwa kama mtu anayepima hesabu akaona imekaa sawa. Hakupandisha sauti. "Na vitu?"

"Kabati lilishindikana kutoka. Vingine viko kwa jirani."

"Kila asubuhi nakwambia nikipata nguvu narudi kwangu. Na wewe unanijibu, 'Mungu akipenda, mama.' Kumbe ulikuwa unamsingizia Mungu."

"Daktari alisema moyo wako..."

"Moyo wangu huu hapa. Unapiga."

Nyuma yao Kasuku alikuwa bado anaisifu forodha, ingawa ilikuwa imebaki mbali. Simu ya binti ikalia mfukoni. Alikuwa kaka. Binti alitaka kuizima, lakini mama alinyoosha mkono, akapewa.

"Ndiyo, baba," alisema, na sauti yake ikawa ya jana, ya mwenye nyumba. "Tumo humu humu. Pazuri mno. Kwangu? Sikupaona, tuligeuzwa wote kutazama forodha... Nitapaona siku nyingine... Asante, mwanangu, umenifurahisha. Na wewe ule vizuri."

Alimrudishia binti simu. "Usimwambie. Yuko peke yake huko, atakosa usingizi."

Kisha akaitazama njia yote ya nyuma ya kisiwa, mpaka gatini. Kasuku alisimama penye ubao kuwaaga watu. Mama alipofika kwake aliukubali mkono wake na kumwambia kazi yake njema. Mkono wa binti, uliokuwa umenyooshwa upande wa pili, hakuuona, au aliuona.

Ndani ya teksi binti alianza sentensi mara kadhaa. Kila alipoanza mama alisema, "Si kitu," kwa upole, kama anavyosema mtu aliyekanyagwa mguu na asiyemjua.

Nyumbani, binti alitangulia kufungua, akaingia na mikoba, akawasha taa ya ukumbini. Alipoona hasikii fimbo nyuma yake akageuka. Mlango ulikuwa wazi. Mama alikuwa amesimama nje ya kizingiti, fimbo mbele, macho chini.

"Hodi," mama alisema.

Binti alidhani kuna mtu nyuma yake. Hakukuwa na mtu.

"Mama, ingia basi. Mbona umesimama?"

Mama hakusogea. Alisubiri kidogo, kwa adabu, akirudisha uzito kwenye mguu mzima.

"Hodi," akasema tena, kwa sauti ile ile.

Kumwacha amesimama na nyonga ile kulikuwa kubaya kuliko kumjibu.

"Karibu," binti akasema.

"Asante," mama akajibu. Akavua viatu, akavishika mkononi, akauliza aviweke wapi.