Siku Sita za Theluji

Huku kwetu milimani, Lesotho, baridi ikiingia mtu aliyekwisha vuna hukaa karibu na moto. Mtama umepurwa, mashamba yameganda, jua linazama mapema. Hakuna anayekuita mvivu. Lakini mke wangu Maseeiso hakupata kuionja baridi ya namna hiyo, na sababu ni mimi.

Nilichimba dhahabu ng'ambo ya mpaka miaka kumi na tisa, na vumbi la mgodi likanikaa mapafuni. Nikitoka chooni tu nahema kama mtu aliyekimbizwa. Mwanetu Seeiso yuko mjini, simu yake haipatikani tangu Pasaka. Kwa hiyo maji anateka Maseeiso, samadi kavu ya kuwashia moto anakusanya yeye, kondoo anawatoa yeye.

Mwezi wa Juni alianguka zizini. Muuguzi wa zahanati alimpima akamwambia moyo umechoka na damu imepungua. Baridi hii alale mapema, aamke jua likishapanda, na asibebe kitu kizito. Aliporudi alinisimulia huku akicheka.

"Kaniuliza kama nina msaidizi nyumbani. Nikamwambia ninaye, anakohoa vizuri sana."

Nilicheka naye, lakini maneno yale yalinichoma. Kesho yake alfajiri nilichukua ndoo kabla hajaamka, nikashuka chemchemi. Nilipasua barafu, nikajaza nusu. Katikati ya mlima pumzi ikakatika. Nilikaa chini, ndoo ikapinduka, maji yakanimwagikia miguuni, suruali ikaanza kukakamaa. Maseeiso alinikuta hapo. Alinikokota mpaka nyumbani, akanivua, akanifunika mablanketi, kisha akarudi kuteka maji. Hakunigombeza.

"Baba Seeiso," alisema tu, "kesho niachie kazi moja. Mbili siziwezi."

Wiki iliyofuata theluji ilianguka siku mbili mfululizo, ikaziba mlango hadi kiunoni. Hakuna aliyeweza kutoka. Nilichota theluji pale mlangoni, nikaiyeyusha kwenye sufuria. Hiyo ndiyo kazi niliyoimudu. Nilipika uji, nikamlisha, naye akalala.

Siku ya kwanza alikuwa akishtuka kila mara, akiuliza saa. Siku ya tatu alilala kama mtoto mchanga. Siku ya tano aliniambia ameota, na kwamba alishasahau kuwa watu huota. Midomo yake ilikuwa imepata rangi. Nilimtazama nikahesabu miaka ambayo sikuwa nimemwona hivyo, nikaona aibu.

Siku ya saba jua lilitoka. Niliamka nikamkuta ameshajifunga blanketi na kuvaa viatu vya mpira.

"Lala leo tu," nilimwomba. "Siku moja."

"Kondoo wanalia, wamekaa na njaa wiki nzima. Nikilala mimi, nani ataamka?"

Nilifungua kinywa nimjibu, kikatoka kikohozi. Alisubiri kiishe, akanipigapiga mgongoni, kisha akachukua koleo akaanza kujichimbia njia.

Kondoo watatu walikuwa wamekufa. Alifanya kazi mpaka jua likazama ili kuwaokoa waliobaki, na kesho yake vivyo hivyo, na kila siku iliyofuata. Nilituma salamu kwa Seeiso kupitia kila aliyekuwa akishuka mjini. Majibu hayakuja.

Mwishoni mwa Agosti, mipichi ilipochanua, alianguka tena. Safari hii miguu ilivimba na hakuinuka. Muuguzi alikuja kwa farasi, akaacha vidonge, akaniambia nje, kwa sauti ya chini, kwamba moyo wake umechelewa kupumzishwa. Jirani yetu Limpho hutuletea maji siku moja baada ya nyingine, na kondoo tumewauza wote.

Sasa Maseeiso analala mchana kutwa, usingizi usiomrudishia kitu. Mimi nakaa kando yake, nageuza mto. Akifumbua macho huniuliza kama kondoo wameshatolewa.

Namwambia wameshatolewa.