Mtungi Mtupu

Lori la mchanga lilimpita karibu sana, upepo wake ukautikisa mtungi mgongoni na kamba ikamkata paji la uso. Nzilani akajitupa mtaroni. Mguu wa kushoto, uliolala tangu apigwe na kiharusi, ulimfuata nyuma kama mbuzi anayeburutwa sokoni.

"Mwaitu, mama yetu, maji ya kwenu yako mbali kote huko Konza?" kijana Bonface alimcheka akiwa juu ya bodaboda yake. "Kila asubuhi mtungi, kila asubuhi mtupu!"

Nzilani alipanda kutoka mtaroni, akaendelea. Daktari alikuwa amemwambia atembee kila siku, mahali tambarare, la sivyo mguu huo utakufa. Hakumwambia wapi. Barabara haina kando. Milima hawezi kuipanda. Na mwanamke anayezunguka mikono mitupu huulizwa amefukuzwa na nani. Mwenye mtungi haulizwi kitu.

Ilibaki ile tambarare ya malisho, ambayo wakubwa waliizungushia ukuta wakaiita Bustani ya Afya ya Wananchi. Langoni, bawabu Musau aliuona mtungi kabla ya kumwona mwenyewe.

"Maji ya hapa si ya kuiba."

"Nimekuja kutembea, baba. Niko na ugonjwa."

"Unatembeza mtungi?"

"Hauna kitu. Angalia."

"Kwani mwizi wa maji huja na mtungi umejaa?"

Tracy, mwenyekiti wa kamati ya bustani, aliyekuwa akikimbia humo ndani, alisimama akijipangusa jasho kwa taulo.

"Musau, usimfukuze mama. Si anataka kutembea? Maua ya huku yanakauka na bomba liko kule mwisho. Amwagilie, atembee. Kila mtu afaidike."

Nzilani aligeuka akatazama barabara. Lori jingine lilikuwa linakuja. Akaingia.

Mtungi uliojaa ulimvuta shingo nyuma. Alienda, akarudi, akaenda tena. Wakimbiaji wenye raba nyeupe walimkwepa bila kupunguza mwendo. Mmoja alimpigia makofi.

"Safi sana, mama! Hiyo pia ni mazoezi!"

Maua yalipolowa, Musau alikuja kuikagua njia. Katika udongo mwekundu uliosawazishwa, mguu wa Nzilani ulikuwa umechora mfereji mrefu kutoka bombani hadi langoni. Akamrushia ufagio.

"Futa kabla hujatoka. Watu wanakimbia hapa."

Nzilani aliinama, akafagia, akasogea mbele. Nyuma yake, mguu ulikuwa unachora mfereji mwingine.