Kabati la Mama Funguo

Binti yangu analelewa na mama yangu mzazi. Makubaliano yalikuwa mepesi kuyasema: nikimaliza kipindi cha majaribio na kuandikishwa kazi ya kudumu, namfuata. Kila jioni akishika simu, swali lake ni lilelile: "Mama, wameshakuandika?"

Nilikuwa msaidizi wa katibu muhtasi. Katibu mwenyewe tulimwita Mama Funguo, kwa kishada cha funguo kilichomning'inia kiunoni. Ukimsikia anakuja ungedhani mbuzi kafungwa njuga. Kabati la mafaili lilikuwa lake kama jiko la mtu. Hakuyapanga kwa majina. Aliyapanga kwa kelele: wateja wakorofi droo ya juu, waungwana katikati, na walionyamaza hadi wakasahaulika chini kabisa, pamoja na viatu vyake vya mvua.

"Mtu anakufokea kwenye simu, mwanangu, utaanza kuinama?" aliniambia siku ya kwanza. "Mkorofi akae karibu na mkono."

"Na akitulia?"

"Anashuka daraja. Hapa cheo ni makelele."

Tulicheka. Lakini siri ya mpangilio aliijua yeye tu. Akienda chooni, ofisi nzima inamsubiri atoke.

Mwalimu wetu wa masomo ya jioni alikuwa akisema faili ambalo mgeni hawezi kulipata halijapangwa, limefichwa. Basi wiki ya mwisho ya majaribio, Mama Funguo alipobaki nyumbani akiuguza jino, kishada kaniachia mimi, nilishinda sakafuni nikiyapanga yote, A mpaka Z, kila droo na kibandiko chake. Nilitaka bosi aone kwamba nimesoma. Nilitaka pia kumpunguzia mama wa watu mzigo. Viatu vyake nilivifuta, nikavirudisha.

Aliporudi, bosi alitoka chumbani kwake simu sikioni, mteja akibwata hadi namsikia. Mama Funguo akanyoosha mkono bila kutazama, kama kawaida. Akatoa faili la muungwana mmoja. Akarudisha. Akatoa jingine.

"Nani kaingia jikoni kwangu?" akauliza polepole.

Kabla sijajibu, bosi akasoma kibandiko, akavuta. Lenyewe! Alipokata simu akaanza kufungua droo na kuzifunga, kama mtoto aliyeletewa kitu kipya.

"Kumbe rahisi hivi! Miaka yote nasubiri mtu atoke chooni!"

Nikatabasamu. Moyoni nilikuwa nimeshamfunga binti yangu viatu.

Mchana alituita wote wawili. Alinisifu mno. Kisha akasema kabati la namna hii halihitaji msaidizi. Mama Funguo naye atatafutiwa siku mbili tatu kwa wiki, "halafu tutaona." Mama Funguo akafungua kishada, akachomoa ufunguo wa kabati, akauweka mezani.

Alinikuta ngazini, viatu vya mvua mkononi.

"Nisamehe, mama."

"Kazi umeifanya vizuri, mwanangu. Ila umekata tawi ulilokalia, na mimi nilikuwa nimekalia hilohilo."

Jioni, simu haikuita mara mbili.

"Mama! Nguo nimeshakunja. Na ndoo yangu nije nayo?"

"Iache kwanza, mama," nikasema, kwa ile sauti tuliyofundishwa ya kupokelea wateja. "Iache hapohapo ilipo."

"Kwa hiyo wamekuandika?"

Nikamwambia ampe bibi simu.